Kiganja Juu ya Chupa

Mtoni, Temeke
9 Februari 2024

Mjomba wangu Mwishehe,

Shikamoo. Kabla sijaanza kulalamika, pokea salamu za nyumba nzima. Mama anasema dada yako Mwanabaraka hajafa bado, kwa hiyo ukiona kimya usije na sanda, njoo na korosho. Goti lake linamsumbua asubuhi, mchana analisahau, jioni analikumbuka akitaka kutumwa mtu dukani. Mdogo wangu Farhan amepata kazi Msasani kwenye mgahawa wa samaki. Anarudi ananuka ndimu na amejifunza kukunja vitambaa kwa umbo la ndege. Mama amemuuliza kama hiyo ndiyo elimu tuliyomsomeshea.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Kilwa pale Rangi Tatu kama kawaida, kwa sababu simu ya hapo kwenu ni ya kila mtu, na masikio yako yamestaafu pamoja na wewe.

Sasa la kazi. Lile sanduku la kuzungushia sahani iliyo ndani ya chupa ya eksirei, uliloliacha hai ulipostaafu, limekufa. Kapasita kubwa imevimba kama andazi na swichi zake zote mbili za rilei zimeungua. Nilidhani Dokta Leodegar atapiga kelele, maana zahanati ni yake na pesa ni zake. Badala yake ameagiza bodi mpya ya inveta. Hii haichukui umeme wa ukutani ukazungusha hivyohivyo. Inaunyoosha kwanza, halafu transista sita zinaukatakata upya, na sahani inazunguka zaidi ya mara tatu ya zamani. Karibu mizunguko elfu kumi kwa dakika, Mjomba!

Ila ameniambia wazi mbele ya Didas, yule mpiga picha wetu. Bodi ikikubali, chumba cha eksirei kinabaki. Bodi ikikataa, au ile chupa ya mionzi ikifa, hataagiza nyingine. Chumba kitakuwa stoo ya dawa na mimi nitatafuta kazi kwingine. Watu wa vifua wa huku wote watakuwa wanapelekwa mbali. Kwa hiyo nimeshika roho mkononi.

Swali moja. Nyuma ya sanduku, pale zinapopangwa nyaya kwa namba, nimekuta waya mfupi wa buluu, urefu wa kidole, umeunganisha namba saba na nane. Kwenye mchoro wako haumo. Lehemu ni ya mkono wako, naijua. Unafanya kazi gani? Niutoe au niuache?

Nakusubiri,
Munira


Kilwa Kivinje
26 Februari 2024

Munira mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekula kanga ya mkaza mjomba wako Farida na sasa anatazamwa kama mshitakiwa. Mwambie mama yako korosho hazijakauka, na sanda nimeshainunua, ni ya kwangu, asiitamani.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mizunguko elfu kumi! Sie tulikuwa na elfu mbili na mia nane na tukajiona mabingwa. Usiiogope hiyo bodi. Ukiizima, ngoja dakika tano kabla ya kugusa, zile kapasita zake zinakaa na umeme kama mtu anayekaa na kinyongo. Kaza nyaya za ardhi. Hakikisha bodi inajua inazungusha chupa ya aina gani, maana ukiipa umeme wa kupita kiasi itapasha moto koili.

Na usisahau kitu kile nilichokufundisha siku ya kwanza. Unaikumbuka ile feni ya mama yako iliyokufa kapasita? Inavuma, inavuma, haiendi mpaka uisukume kwa kidole. Sahani yetu ni hivyohivyo. Ina koili mbili. Moja ikikosa umeme, sahani inavuma tu pale ilipo. Na sahani isiyozunguka ukiipiga mionzi, moto wote unashukia nukta moja. Chuma kinayeyuka kabla hujafumba jicho. Chupa imekwisha, hakuna fundi wa kuifufua.

Wewe una masikio mazuri. Sikiliza kabla ya kila picha.

Nimechoka kuandika, vidole vimekuwa vya mzee. Wasalimie.

Mjomba wako,
Mwishehe


Mtoni
15 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leo funga ya nne. Mama anafunga kwa hasira, kila kitu kikichelewa ni kwa sababu yetu. Jana alimfukuza muuza tende kwa kosa la kuwa mchangamfu saa tisa alasiri.

Bodi imekubali! Nilifanya kila ulilosema. Nilipobonyeza kitufe cha kwanza, kile cha kuzungusha, Didas alifunga macho. Mlio wake ni mwingine kabisa. Ule wa zamani ulikuwa wa kifuani, huu ni mwembamba, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Na kuna breki. Zamani ukiachia kitufe sahani ilikuwa inaendelea kuzunguka na kuvuma peke yake dakika nzima, nawe ukinikataza kuzungumza mpaka itulie. Sasa bodi inaikamata, na sekunde chache baadaye kimya. Kimya kile kilinishtua siku mbili tatu, sasa nimekizoea.

Jumatatu tumepiga picha ishirini na sita. Dokta Leodegar amekuja mwenyewe akasimama mlangoni, akasema, "Mwanafunzi wa Mzee Mwishehe." Nikajisikia kulia, nikajifanya natafuta bisibisi.

Nakufuata mpaka kwenye mambo yako ya dini. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, naweka kiganja juu ya chupa kama ulivyokuwa ukifanya, nasema Bismillahi, ndipo nawasha. Didas ni Mkristo lakini siku nikichelewa hataki kuanza. Ananiambia, "Sista, njoo kwanza uibariki."

Hukunijibu juu ya waya wa buluu. Didas anataka niutoe kwa sababu haumo kwenye mchoro. Nimemwambia aliyeuweka anajua kuliko mchoro. Ukisema niutoe nitautoa leo hiihii. Ukinyamaza nitaelewa ubaki.

Mpwa wako,
Munira


Kilwa Kivinje
2 Aprili 2024

Munira mwanangu,

Marahaba. Kumi la mwisho limetukuta na mvua. Farida ana mafua, anaswali amekaa. Mbuzi yule tumemuuza, alianza kula mashuka.

Nimefurahi juu ya bodi. Nilimwambia kila mtu hapa barazani, hakuna aliyeelewa, wakanipongeza hivyohivyo.

Ile mashine imekaa miaka mingi na mambo yake. Usiichokoechokoe.

Umeandika unaweka kiganja. Nataka kujua kitu kidogo. Unakiweka kabla ya kuwasha, au sahani ikiwa tayari inazunguka?

Nijibu hilo.

Mwishehe


Mtoni
20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, na Idi ingawa imepita. Farhan alituletea kamba wakubwa kutoka Msasani, mama akasema wamekufa zamani, akawala wote. Nilivaa lile gauni la kijani, shangazi wa Buguruni akauliza mbele ya watu kama bado nachezea nyaya au nimepata mume. Nikamwambia nimepata inveta.

Barua yako ilikuwa fupi mno, nikamuuliza mama kama mnagombana. Swali lako limenichekesha. Kabla ya kuwasha, Mjomba! Nani anasoma dua safari ikiwa imeshaanza? Chupa inakuwa ya baridi, imetulia, nasema maneno yangu, natoa mkono, ndipo nawasha. Au nakosea? Wewe asubuhi, kabla hujaniita kando ya mashine, nilikuwa nakutazama kutoka mlangoni, sikukaa karibu nawe nikajua unatangulia nini.

Waya nimeuacha, kama ulivyosema usichokolewe.

Asubuhi nyingine mlio unaanza mzito kidogo, hasa tukiivuta chupa chini kwa mgonjwa wa kulala. Didas anasema ni umeme mdogo wa asubuhi. Picha zinatoka, kwa hiyo sijahangaika.

Munira


Kilwa Kivinje
30 Aprili 2024

Munira,

Leo sisalimii. Utoe ule waya. Ukimaliza kusoma mstari huu weka barua chini, nenda kautoe, ndipo urudi usome yaliyobaki.

Mwaka 2009 waya wa koili ya pili ulianza kukatika ndani ya mpira wake, pale unapojikunja chupa ikishushwa. Unakatika, unashika, unakatika. Na mashine ile ina kinga. Isipoona umeme kwenye koili zote mbili inakataa kupiga picha. Ilikuwa inakataa mara tano, mara kumi kwa siku, na wagonjwa wamejaa mpaka nje kwenye jua. Niliomba waya mpya nikaambiwa ngoja. Nikangoja miezi. Halafu siku moja nikachukua kipande cha waya wa buluu nikaiziba kinga mdomo. Tangu siku hiyo inaambiwa kila wakati kwamba mambo yako sawa, hata yasipokuwa sawa.

Baada ya hapo kinga nikawa mimi. Kila asubuhi, na kila chupa ikisogezwa, nilibonyeza kitufe cha kwanza bila mionzi nikaweka kiganja. Sahani inayozunguka ina mtetemo, na ukiachia kitufe mtetemo unaendelea, unapungua polepole mkononi. Iliyokwama inavuma tu, na ukiachia inakufa papo hapo. Nikiikuta imekwama natikisa waya mpaka inashika. Haikuwa dua. Bismillahi nilisema kwa woga.

Na hiyo breki yako imeondoa hata ile alama ya mwisho. Kimya kile kilichokushtua ndicho zamani kilichokuwa kikituambia imekwama.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia Februari. Uliandika kwamba lehemu ya mkono wangu unaijua. Niliona aibu, mwanangu. Nilisema moyoni nitamwambia barua ijayo.

Mwonyeshe Dokta barua hii kama atakulaumu. Ni yangu.

Mwishehe


Mtoni
14 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sina barua yako tangu ile fupi ya Aprili. Wanasema mvua na upepo vimekata barabara Somanga, mabasi yamelala huko. Naandika, sijui itafika lini. Mama mzima. Farhan mzima. Mimi sijui nijiiteje.

Chupa imekufa Jumatatu tarehe sita, saa nne asubuhi.

Alikuwa kitandani Bi Sesilia, yule mama wa chapati wa njiani kwetu, anakohoa tangu Februari. Tuliishusha chupa. Kiganja niliweka asubuhi, Bismillahi nilisema. Didas akabonyeza kitufe cha kwanza, nikasikiliza kama ulivyonifundisha, nikasikia mvumo, nikamwambia, "Iko poa." Akabonyeza cha pili, cha mionzi. Ukasikika mlio mdogo, tap, kama mtu aliyegonga meza kwa kucha. Picha ikatoka nyeupe tupu. Tulirudia mara moja, na hilo ndilo silali nikiliwaza, tulirudia.

Baadaye nilipima nikakuta koili ya pili haina umeme, waya umekatika ndani ya mpira. Mvumo niliousikia ulikuwa wa koili ya kwanza na inveta. Sahani ilikuwa imesimama. Nikajiuliza kinga ilikuwa wapi. Nikaufuata ule waya wa buluu mpaka nikaelewa, nikakaa chini sakafuni. Dokta Leodegar akanikuta hapo.

Akauliza, "Huu kauweka nani?"

Nikaendelea kuutazama waya.

Akasema, "Uliuona?"

Nikasema niliuona tangu Februari.

"Ukauacha."

Nikasema, "Ndiyo, Dokta."

Hakupiga kelele, heri angepiga. Picha yako ya siku ya kustaafu bado iko ukutani pale, umeshika ile saa waliyokupa, na nilishindwa kulitaja jina lako chini yake. Nimerudisha funguo. Didas anahamia Mbagala. Bi Sesilia aliambiwa aende hospitali kubwa, akasema atakwenda akipata wa kumwachia meko. Hajaenda.

Nilikuuliza mara mbili, Mjomba. Nilikuuliza kwa maandishi.

Munira


Mtoni
11 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 30 Aprili nimeipata jana, imelowa na kukauka, wino umetambaa. Nimeisoma yote. Mstari wa kwanza unaniambia niweke barua chini nikautoe waya. Nilicheka, Mjomba, nilicheka vibaya mpaka mama akaja kuniangalia.

Sikumwonyesha Dokta. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni. Chumba kimeshakuwa stoo, maboksi ya dawa yamepangwa hadi dirishani, na mashine imesukumwa kwenye kona na shuka juu. Nikajiona nimesimama na karatasi iliyolowa, namwomba mtu anisafishe kwa kukuchafua wewe. Na angesema kweli akiniuliza: siku zote hizo umeweka mkono hapo, hukuwahi kuuliza kwa nini? Nilidhani ni ibada. Nilikuwa naona haya kukuuliza mambo ya ibada yako.

Bi Sesilia amefariki Jumapili iliyopita. Sisemi ni kwa ajili ya picha ile. Hakuna anayejua, na ndiyo ubaya wake. Meko yake anayo dada yake sasa.

Nina maswali mawili, sitaki hadithi ya mbuzi.

Kondakta ameniambia ulimkabidhi bahasha Ijumaa, tarehe tatu Mei. Barua ni ya Jumanne, tarehe 30. Ungempa siku ileile ningeipata kabla mvua haijakata njia. Zile siku tatu ulikuwa nayo wapi?

La pili. Nilipokuja kwako mwaka 2012, nina miaka kumi na tisa, ulinisimamisha kando ya mashine kila siku. Kabla ya kila picha ulinigeukia ukauliza, "Umeisikia?" Nami nasema, "Naisikia, Mjomba." Ndipo unapiga. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Watu wote walijua masikio yako yaliharibika baada ya kustaafu. Lakini mtu mwenye masikio hahitaji kiganja. Tangu jana siwezi kuacha kuliwaza hili. Wewe ulikuwa unaisikia?

Ndani ya bahasha nimekufungia waya wako.

Munira


Kilwa Kivinje
19 Julai 2024

Munira mwanangu,

Marahaba. Umenikataza mbuzi, basi siwataji. Farida anakusalimu, hajui lolote, anadhani naumwa tumbo.

Waya umefika. Nimeupima kwa kidole changu, kumbe ni mfupi kuliko nilivyokuwa nakumbuka.

La siku tatu ni hili. Bahasha ilikuwa ndani ya mfuko wa kanzu. Jumatano nilikwenda nayo stendi nikarudi nayo. Alhamisi pia.

La pili nitakujibu, maana ni haki yako.

Sikio la kushoto lilikufa 2008. La kulia lilifuata taratibu, na ulipokuja 2012 nilikuwa nasoma midomo ya watu. Sikumwambia mtu, fundi kiziwi nani angemwachia mashine? Ila mwanamke akishalala mezani huwezi kila mara kwenda kuweka mkono juu ya chupa iliyo kifuani kwake. Nilikuwa napiga picha hizo kwa kubahatisha, na nilikuwa naogopa, mpaka mama yako akakuleta uje kujifunza.

Unanikumbuka kama mwalimu anayekupima. Ulikuwa unajibu kwa fahari, kidevu juu, nami nilikuwa naukodolea macho mdomo wako usinipite.

Haukuwa mtihani, Munira. Nilikuwa nauliza kweli.

Mjomba wako,
Mwishehe